Mjomba anataka tushtaki, na jina langu limo ndani ya msimbo

Kwako Mshauri,

Nina miaka 31, naishi Umoja, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Naomba jina langu lisichapishwe, kwa sababu wahusika wote wawili wa habari hii husoma safu yako.

Mwaka 2019 mimi na mwenzangu tulisajili kampuni ndogo ya mita za maji za ploti. Aliyewahi kupanga mitaa ya Pipeline au Kayole hapa Nairobi ataelewa. Ploti ina vyumba arobaini na mita moja tu, na bili ikija kubwa, kila mtu anamnyoshea jirani kidole. Kifaa chetu kinakaa juu ya mita, kinasoma mipigo yake, yaani ishara inazotoa maji yanapopita, na kumpelekea mwenye ploti ujumbe kwa simu. Nilichovumbua mimi ni namna ya kutofautisha bomba linalovuja chini ya ardhi na mfereji ambao mpangaji ameuacha wazi maji yalipopotea, kwa kusikiliza mipigo ya mita hiyo moja. Ilinichukua miezi saba ya kulala saa tisa usiku.

Pesa za kuanzia alitoa mjomba wangu, ndugu ya mama. Aliuza kiploti chake cha Ruai. Hakunitaka niweke sahihi popote, aliniambia tu, "Wewe fanya kazi." Baadaye wakili alimwandikia robo ya hisa.

Programu yetu imejengwa juu ya maktaba ya msimbo huria, yaani mkusanyiko wa maandishi ya programu ulio wazi kwa yeyote kuutumia, inayosoma mita za aina nyingi. Leseni yake ni Apache 2.0. Inatunzwa na watu wa kujitolea, na hapa Nairobi tulikuwa tunakutana Jumamosi karibu na Ngong Road kuifanyia kazi. Aliyenileta huko ni mtu ninayemwita Mwalimu. Ndiye aliyenifunza kusoma msimbo wa wengine bila kuogopa. Kuna pia kampuni ya mita ya Ulaya ambayo wahandisi wake huchangia maktaba hiyo.

Machi 2021 nilipeleka kipande cha msimbo kwenye maktaba kwa jina langu mwenyewe. Kilikuwa cha kusafisha mipigo ya mita, na ndani yake mlikuwa na sehemu ya ile njia yangu. Mwalimu ndiye aliyekikagua na kukipokea. Septemba mwaka huohuo kampuni yetu ikapeleka ombi la hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, kwa KIPI, taasisi ya Kenya inayotoa hataza. Cheti kilitoka 2024. Mjomba amekitia fremu, kiko sebuleni kwake.

Sasa Mwalimu naye ana kampuni. Mwaka huu amechukua mitaa mitatu ya nyumba za kupanga iliyokuwa wateja wetu, na kifaa chake kinatambua bomba linalovuja. Mjomba alipokiona alisema neno moja tu: "Mwizi." Ameshapata wakili na anataka kesi ifunguliwe mwezi ujao. Mwenzangu anamuunga mkono.

Halafu rafiki yangu wa kazi akanitia hofu. Ananiambia leseni ya maktaba ina kifungu kinachosema ukimshtaki mtu kwa hataza, leseni yako inakufa hapo hapo, na hataza yenyewe inakuwa haina maana. Vifaa vyetu 340 vilivyo kwenye ploti za watu vinategemea maktaba hiyo. Kama ni kweli, tunajifungia duka wenyewe.

Nikimwambia mjomba tusishtaki, ataona namkinga Mwalimu. Mama ameshanipigia simu mara mbili kuuliza kama nimesahau Ruai. Nikikubali kushtaki, sijui nitamtazamaje mtu aliyenifunza kazi. Je, leseni itakufa? Na nimsaliti nani kati ya hawa wawili?

Aliye katikati,
Umoja, Nairobi

*

Binti yangu uliye katikati,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipoandika kwamba mjomba hakukutaka uweke sahihi popote. Naelewa kwa nini hulali. Aliyekupa mtaji hakutaka karatasi, na aliyekupa ujuzi hakutaka malipo, na sasa wote wawili wamewekwa pande mbili za kesi moja, nawe ndiwe unayetakiwa kushika kalamu.

Mimi si wakili, na nitakayokueleza kuhusu leseni ni ya kukusaidia kumuuliza wakili maswali yanayofaa. Lakini nimeishi miaka mingi kati ya watu wanaoandika programu huria, na naona hofu uliyotiwa na rafiki yako imechanganya mambo ambayo ukiyatenganisha utapumua kidogo.

Fungua faili ya leseni usome kifungu cha 2 na cha 3. Utaona Apache 2.0, iliyotolewa Januari 2004, inakupa ruhusa mbili zilizo mbali mbali. Moja ni ya hakimiliki: kunakili msimbo, kuubadilisha, kuuza kifaa kilichojengwa juu yake. Ya pili ni ya hataza: kila mchangiaji anakuahidi kwamba kama ana hataza inayoguswa na mchango wake, hatakusumbua kwayo. Kifungu cha kusitisha kimo ndani ya cha 3, na kinagusa ruhusa hii ya pili peke yake. Ukifungua kesi ya hataza dhidi ya mtu yeyote ukidai kwamba maktaba ile, au mchango uliomo ndani yake, unavunja hataza yako, ruhusa za hataza ulizopewa kwa maktaba hiyo zinakoma siku kesi inapofunguliwa. Ruhusa ya hakimiliki inabaki. Vifaa vyako 340 havigeuki haramu asubuhi yake. Na cheti kilichoko sebuleni kwa mjomba hakifutwi na kifungu hiki.

Kinachokuondokea ni kinga. Wahandisi wa ile kampuni ya Ulaya wamekuwa wakichangia maktaba, na kila mchango ulikuja na ahadi ya kutowashtaki. Siku mtakapofungua kesi ya aina hiyo, ahadi yao kwenu inakwisha, huku kila mtumiaji mwingine akiendelea kuwa nayo. Je, hilo ni hatari kubwa? Inategemea kama wana hataza yenye nguvu hapa Kenya. Hataza ni ya nchi: iliyotolewa Ujerumani peke yake haifiki Embakasi. Lakini wangeweza kuiomba hapa KIPI, au kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, wakaitaja Kenya. Hilo linaweza kutafutwa kwenye kumbukumbu za KIPI kabla mtu hajalipia ada ya kesi. Ningeanzia hapo, kwa sababu bila jibu hilo nyote watatu mnabishana gizani.

Nadhani najua hofu ya rafiki yako ilikotoka. Facebook iliwahi kuweka masharti yake ya hataza pembeni ya leseni ya React, maktaba yake ya kujengea kurasa za mtandao, na hayo yalikuwa mapana mno. Ungeishtaki Facebook kwa hataza yoyote, hata isiyohusiana kabisa na React, ungepoteza ruhusa ya hataza uliyopewa. Julai 2017 wakfu wa Apache ulizuia miradi yake kutumia msimbo wenye masharti hayo, na Septemba mwaka huo Facebook ikaihamishia React kwenye leseni ya MIT, ambayo haitaji hataza hata kwa neno moja. Mjadala ule uliacha watu wengi wakiamini kwamba vifungu vyote vya namna hii vinameza kila kitu. La. Cha Apache kimefungwa kwenye programu ileile inayolalamikiwa.

Vipo vikali zaidi, kwa hiyo kagua na sehemu nyingine za kifaa chako. Kama umetumia kitu chenye leseni ya Mozilla, MPL 2.0 ya mwaka 2012, kesi ya hataza dhidi ya programu hiyo inaondoa ruhusa zote za wachangiaji, ya hakimiliki ikiwemo, ingawa inamsamehe aliyeshtakiwa kwanza akajibu kwa dai lake. Apache haimsamehi huyo. Leseni nyingine, GPL toleo la 3, la 2007, inakukataza moja kwa moja kufungua kesi kama hiyo juu ya programu iliyo chini yake, na anayevunja masharti yake anaweza kupoteza leseni nzima. Usiamini kumbukumbu yako hapa. Orodhesha kila maktaba mliyotumia na leseni yake.

Sasa nirudi kwenye barua yako, kwa kuwa kuna jambo umelipita haraka. Umeandika kwamba kifaa cha Mwalimu "kinatambua bomba linalovuja." Kinatambuaje? Kutambua bomba linalovuja si mali ya mtu, na mafundi wa maji wamekuwa wakilifanya tangu zamani. Hataza yenu inalinda njia fulani iliyoelezwa kwa maneno fulani kwenye madai yake, yaani sehemu ya hati inayotaja kinacholindwa. Huenda Mwalimu anatumia njia nyingine kabisa, kwa mfano kipimo cha msukumo wa maji. Huenda anatumia njia yako lakini kwa msimbo alioandika mwenyewe, nje ya maktaba. Hapo kesi isiyodai chochote juu ya maktaba haiguswi na kifungu cha kusitisha. Na huenda anatumia kipande kilekile ulichopeleka wewe Machi 2021.

Hilo la mwisho ndilo linalonikalia moyoni zaidi, na nakuomba ulisome ukiwa umetulia. Umeniuliza utapoteza nini ukishtaki. Hujauliza ulishatoa nini. Kifungu kilekile cha 3 kinasema kila mchangiaji anawapa watumiaji wote ruhusa ya hataza, ya kudumu, bila malipo, kwa madai ya hataza anayoweza kuyatolea leseni na ambayo mchango wake, peke yake au ukiunganishwa na maktaba, lazima utayagusa. Wewe ni mchangiaji. Ulipeleka mchango kabla ombi la hataza halijapelekwa, lakini ombi kuja baadaye hakumaanishi ahadi haikutolewa. Ikiwa Mwalimu anatumia maktaba kama ilivyo, wakili wake atafungua historia ya mradi, ataonyesha jina lako, tarehe, na maneno ya leseni, na atasema: mlalamishi alituruhusu.

Wakili wenu anaweza kujibu kwamba uliyechanga ni wewe na mwenye hataza ni kampuni. Jibu hilo lina uzito, lakini lina mlango wa nyuma. Uvumbuzi ulikuwa wa nani Machi 2021? Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 inasema, pasipo mkataba unaosema vingine, haki ya hataza kwa uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira ni ya mwajiri. Je, ulikuwa mwajiriwa wa kampuni yako kwa maandishi, au ulikuwa tu mwenye hisa anayekesha? Kama uvumbuzi ulikuwa wako mwenyewe mpaka ulipouhamishia kampuni, ahadi ya mchangiaji huenda ilitoka kwako ikiwa halali. Kama ulikuwa wa kampuni tangu mwanzo, utaulizwa kwa idhini ya nani uliupeleka hadharani, na mkurugenzi atakayeulizwa ni wewe. Majibu yote mawili yana maumivu. Sikuambii lipi ni sahihi, kwa sababu sijaona karatasi zenu. Nakuambia tu kwamba swali hili litaulizwa, na ni afadhali mjomba alisikie kwako nyumbani kuliko kulisikia mbele ya wanaoamua kesi.

Kuna hatari nyingine ambayo wakili mwenye haraka huenda asiitaje. Anayeshtakiwa kwa hataza ana haki ya kuomba hataza yenyewe ifutwe. Ule mchango wa Machi ulikuwa hadharani miezi sita kabla ya ombi la Septemba. Sheria ya Kenya inamwachia mwombaji miezi kumi na miwili tangu alipoitangaza kazi yake mwenyewe, kwa hiyo tarehe zako zinaonekana kuwa ndani ya muda. Lakini mazungumzo ya zile Jumamosi je? Kulikuwa na mtu mwingine aliyetoa wazo kama hilo kabla yako, kwa maandishi, labda Mwalimu mwenyewe? Hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya ombi, maana yake yenu ina uwezo wa kuishi hadi 2041 mkiilipia ada. Kuipeleka kwenye mapambano sasa ni kuihatarisha miaka yote hiyo iliyobaki. Inaweza kuwa na thamani hiyo. Ni nyinyi wenye kampuni mnaojua.

Kuna njia nyingine ambayo huenda mtashauriwa, na sitaki kunyamaza juu yake: kuhamishia hataza kwa mjomba ili ashtaki yeye, asiyetumia maktaba wala kuchangia. Wapo wanaofanya hivyo nchi za nje. Nina wasiwasi nayo. Ahadi uliyoitoa kama mchangiaji, kama ilitolewa, haifutiki kwa kubadilisha jina kwenye cheti. Na watu wa zile Jumamosi watakielewa kitendo hicho vizuri kuliko mahakama. Msimbo wao uko ndani ya kila kifaa chako, na utaendelea kuwahitaji wairekebishe maktaba inapoharibika.

Zingatia pia kwamba kifungu cha kusitisha kinazungumzia kufungua kesi. Barua ya malalamiko si kesi. Kikao si kesi. Mnaweza kumwandikia Mwalimu, mkamwomba aeleze kifaa chake, mkapendekeza alipie leseni au mgawane mitaa, bila ya kuigusa kinga yenu. Usuluhishi ulio chini ya mahakama ulianza Milimani mwaka 2016 na umesaidia wafanyabiashara wengi, lakini huo huja baada ya kesi kusajiliwa, na ikisajiliwa ikiitaja maktaba, kinga imeshakwenda. Kwa hiyo kama mnafikiria msuluhishi, mtafuteni kabla. Hatari yake ipo pia: Mwalimu akijua mnachokusudia anaweza kukimbilia kuomba hataza ifutwe, au kubadilisha msimbo wake mkakosa ushahidi. Hifadhini nakala za mnachokiona sasa, kwa tarehe.

Unaweza vilevile kuandika upya sehemu ile ya programu mkaacha kuitegemea maktaba. Umetaja vifaa 340. Wewe ndiwe unayejua itachukua miezi mingapi na nani atawalisha wakati huo. Hata hivyo hilo linapunguza tu mnachoweza kupoteza. Mchango wa 2021 unabaki palepale.

Kuhusu mjomba. Umesema ukimwambia msishtaki ataona unamkinga Mwalimu. Lakini nani amesema uanze kwa kumwambia msishtaki? Mzee huyu anajua kwamba kuna cheti. Je, anajua kwamba kuna mchango? Sijaona popote kwenye barua yako kwamba umewahi kumweleza kuwa sehemu ya njia ile uliitoa kwa watu wote kabla ya kuiombea hataza. Pengine uliona ni mambo ya kiufundi asiyoyahitaji. Pengine uliogopa. Mtu anayekuita mwingine mwizi mbele ya familia anastahili kujua yote kabla hajaweka sahihi kwenye hati ya kiapo, maana aibu itakayofuata itakuwa yake. Mwendee wewe mwenyewe, bila mwenzako na bila wakili. Chukua karatasi mbili: ukurasa wa kifungu cha 3, na ukurasa wa historia ya mradi wenye jina lako. Mweleze kwa lugha ya Ruai: kwamba ulilima shamba lake juu ya kisima cha jumuiya, kisima kile kina masharti, na wewe mwenyewe ulimwaga ndani yake ndoo moja ya maji yako. Halafu mwache akasirike. Mama yako naye utamjibu baadaye, ukishajua unachomjibu.

Neno "kusaliti" umelitumia wewe, na mimi nisingelitumia. Kulinda kazi yako kwa sheria si usaliti, na wanaochanga kwenye programu huria wengi wanaliheshimu hilo, ndiyo maana leseni yenyewe imeeleza kinachofuata badala ya kukukataza. Wala kukataa kumshtaki aliyekufunza si kumtupa mjomba. Unaweza kumheshimu mtu na bado ukamwandikia barua kali kuhusu mitaa mitatu.

Lakini nina swali moja ambalo barua yako haikulijibu. Umenieleza Mwalimu aliupokea mchango wako Machi 2021, na mjomba alikitia cheti fremu 2024. Kati ya miaka hiyo mlikuwa mkikutana. Je, Mwalimu anajua kwamba mna hataza? Uliwahi kumwambia? Kama anajua na akaendelea, mjomba ana hoja, na utalazimika kuisikiliza. Kama hajui, basi mtu huyo amekuwa akitumia alichokipokea kutoka mkononi mwako, akidhani ni chake kutumia, na nafikiri simu ya kwanza unayopaswa kupiga wiki hii unaijua.